Mlisema nifute nyuma ya ua, nikafuta

Wasomaji wangu, kwanza mniwie radhi kwa kimya cha karibu mwezi mzima. Kazi za gazeti zilinibana, halafu tukapata msiba huku nyumbani Tukuyu, halafu, niseme tu ukweli, nikawa na aibu. Leo nimeamua kuitoa hiyo aibu, na nikiitoa itawagusa na baadhi yenu. Atakayeguswa asinune, maana mshitakiwa wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Habari yenyewe ni ya ua moja.

Wanaonifahamu wanajua kwamba ukiniondolea kuandika habari, ugonjwa wangu mwingine ni kupiga picha za maua. Mnanicheka na nimeshazoea. Eti mwanaume mzima amelala kifudifudi kwenye tope, anapiga picha ua! Lakini mtoto aliyekulia Tukuyu utamlaumu vipi? Huku mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, kila ukingo wa barabara una kitu kinachochanua. Kahawa ikitoa maua yake meupe baada ya mvua za kwanza, harufu inakufuata mpaka kitandani. Kwa hiyo nilipopata kamera yangu ya kwanza (ya mtumba, lenzi ina fangasi pembeni) sikuanza na mawaziri. Nilianza na maua.

Basi Januari nikaamka alfajiri, nikapanda Coaster ya kwenda Mbeya, nikashuka Isyonje. Kwa wasiojua, Isyonje ndipo inapochepuka barabara ya kupanda Kikondo, kuelekea Kitulo na Makete. Pale nikachukua bodaboda, kijana mmoja mcheshi mwenye koti la mvua lililopasuka mgongoni. Tukapanda. Viazi kulia, viazi kushoto, pareto hapa na pale, na ukungu mzito kiasi kwamba huoni tairi la mbele. Hatukufika hifadhini na wala sikuwa na nia hiyo, kiingilio sikuwa nacho. Tulisimama kwenye kipande cha nyasi nje ya mipaka, kati ya shamba la viazi na bonde lenye majimaji, kwa sababu yeye ndiye aliyesema hapo huota "yale maua yako".

Na kweli yalikuwepo. Au niseme, lilikuwepo. Okidi moja ya waridi iliyokolea, ya jamii ya Satyrium kwa kadiri ninavyoweza kutambua, imesimama wima kama askari wa zamu, matone ya ukungu yakining'inia kila mahali. Nyuma yake, hatua tatu tu, ardhi ilikuwa imechimbwachimbwa. Mashimo madogo kama ishirini hivi, kila moja kina cha kiganja, udongo mweusi umetupwa pembeni ukiwa bado mbichi, na juu ya udongo mabua ya okidi yamelala, mengine bado yana maua. Nyuma zaidi kulikuwa na uzio wa shamba la viazi na ndoo ya njano ambayo nadhani mtu aliisahau.

Nikalala chini, nikapiga picha kama arobaini. Nyingi zilitikisika. Moja ilitulia vizuri mno, hata mimi nikashangaa.

Usiku, Tukuyu, nikaihamishia simuni hiyo moja na kuwaonyesha rafiki zangu watano niliosoma nao chuo. Ni watu wenye macho yao. Mmoja anatengeneza kadi za harusi na mabango Mbeya mjini, mwingine yuko kwenye kampuni ya matangazo Dar. Nikawaambia: nipeni maoni ya kweli, msinionee haya.

Maoni yakaja. "Picha kali!" "Noma sana." "Kaka umetisha." Hayo matatu ya kwanza. Halafu yule wa mabango akasema la kitaalamu: "Ua zuri, ila nyuma pachafu. Toa hayo matope, weka nyeusi tupu, ua litaruka." Wa matangazo akaunga mkono: "Hiyo ndoo inaua picha." Wa tano hakusema kitu, aliweka alama ya moto.

Nikatoa. Siku hizi wala huhitaji ufundi. Unagusa kitu kwa kidole, kinayeyuka, na programu inabuni nyasi za kuziba pengo. Nyasi ambazo hazijawahi kuota popote duniani! Nilianza na ndoo. Nikaja kwenye uzio. Nikaingia kwenye mashimo, shimo moja baada ya jingine, kama mtu anayefukia. Mwisho nikaona hata hizo nyasi za uongo zinasumbua, nikamwaga nyeusi tupu. Ua likaruka kweli, sikatai. Na kwa ujinga wangu nikahifadhi palepale juu ya faili la mwanzo, na kesho yake nikaisafisha kadi ya kamera ili nipate nafasi ya kupiga kikao cha madiwani.

Wiki moja baadaye nikapita Isyonje na kumkuta yule kijana wa bodaboda anakula mahindi. Nikamwonyesha kwa majivuno. Akaitazama, akaikuza kwa vidole viwili, akairudisha.

"Kaka, hapa siyo tulipokwenda."

Nikamwambia ndipo penyewe.

"Siyo. Pale palikuwa na mashimo."

Nilicheka, nikaondoka zangu. Kicheko kilikwisha siku nne mbele, mhariri wangu aliponipigia simu kutoka Dar. Kuna mwenzangu alikuwa anaandika habari ya uchimbaji wa viazi vya okidi Nyanda za Juu Kusini. "Wewe si uko hukohuko? Huna picha ya mahali palipochimbwa?"

Jamani. Nilikuwa nayo. Ilikuwa picha yenye ua hai mbele na makaburi ya wenzake nyuma yake, katika fremu moja, na mwanga laini wa mawingu. Mwandishi anaweza kufanya kazi miaka mitano asikutane na fremu ya namna hiyo. Mimi nilikutana nayo, nikaifukia mwenyewe kwa kidole gumba ili watu watano waseme noma.

Habari ikatoka. Ikatoka na ua langu, limetakata, nyeusi nyuma, chini ya maandishi yanayosema maua haya yanakwisha. Mjomba wangu alilisoma gazeti lile akaniuliza, na hakuwa na ubaya wowote: "Sasa mbona liko zuri tu?"

Kwa faida ya wale walioko Dar, Nairobi na kwingineko wasiojua habari hii, acha niwaeleze kidogo. Okidi hizi za ardhini, jamii za Disa, Satyrium na Habenaria, huwa na viazi vidogo chini ya ardhi. Ng'ambo ya Tunduma, Zambia, viazi hivyo hukaushwa, husagwa, huchanganywa na unga wa karanga na pilipili, hupikwa mpaka vigande, kisha hukatwa vipande kama keki. Ndiyo chikanda. Nimekula, ni tamu, na sina ugomvi na mlaji. Shida ni kwamba okidi za Zambia zilianza kupungua, mahitaji yakahamia upande wetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu biashara hii katika Nyanda za Juu Kusini ulikadiria kwamba viazi vinavyoliwa Zambia vinafika hadi milioni 4 kwa mwaka. Na kiazi si kama tunda unalochuma ukaacha mti. Mmea hujiwekea akiba ya msimu ujao mlemle, ukikichimba umemaliza. Hiyo ilikuwa moja ya sababu za kupigania Kitulo iwe hifadhi ya taifa, na ikawa mwaka 2005: kilomita za mraba kama 413, juu kwenye mita 2,600 hivi, aina zipatazo 350 za mimea, 45 kati yake okidi. Ni hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Tembo hakuna, simba hakuna. Maua tu.

Sasa nirudi kwenu.

Hivi nani alitufundisha kwamba picha nzuri ya ua ni ile isiyo na kitu kingine? Nimejaribu kukumbuka maoni yote niliyowahi kupewa juu ya picha zangu za maua tangu nianze. Ukitoa "kali" na "noma", karibu yote yanahusu kuondoa. Ondoa waya, ondoa ukuta wa tofali, ondoa mgomba uliokauka, ondoa yule mtoto anayepita. Kama ua limeota kando ya choo, basi choo kiondoke. Siku moja nilipiga ua la boga kwenye uzio wa matete, nyuma yake bibi mmoja anamenya ndizi. Nikaambiwa nimtoe bibi! Nikauliza kwa nini. Eti "anavuta macho." Sasa asivute macho kwa nini, na uzio ni wake, boga ni lake, na asingemwagilia hakuna ua?

Naomba nieleweke, maana najua kuna mtu ameshaanza kuandaa majibu. Sisemi kwamba kila takataka ikae kwenye picha. Sisemi usikate kingo, usirekebishe mwanga, usinyooshe upeo wa macho uliopinda. Hayo yalifanyika gizani kwenye maji ya dawa zamani hizo kabla baba zetu hawajaoana na mama zetu. Na wala sisemi kwamba nyuma tupu ni dhambi. Mjerumani mmoja, Karl Blossfeldt, alipiga mimea kwa miaka mingi mbele ya karatasi tupu, akatoa kitabu mwaka 1928 ambacho mpaka leo wabunifu wanakirudia. Lakini angalieni alichofanya. Aliuchukua mmea, akauweka mbele ya karatasi, na kila anayetazama anaona wazi kwamba hii ni karatasi. Hakumwambia mtu kwamba ndivyo unavyoota porini. Ukitaka nyeusi tupu, beba kitambaa cheusi kwenye mkoba, simamisha nyuma ya ua, piga, kunja, ondoka. Dakika mbili. Ua limebaki zima na kingo zake zote, na wewe hujabuni hata jani moja.

Na hili la kingo si dogo. Baadaye nililipeleka ua langu lililotakata kwa mtu anayeijua mimea, nikitaka aniambie ni Satyrium ipi hasa. Akatazama, akaniuliza: "Vijipembe vyake viko wapi?" Satyrium ina vijipembe viwili vinavyoning'inia nyuma ya ua, ni moja ya alama zake. Programu ilikuwa imevila. Kwa akili yake ile, vijipembe vilikuwa sehemu ya matope. Kwa hiyo hata ua lenyewe, ambalo ndilo mlitaka liruke, liliruka likiwa halijakamilika, na mimi mwenyewe sikugundua. Wale watano pia hawakugundua. Ndiyo maana nasema "kali" ni maoni ya mtu ambaye hajatazama.

Kuna wanaosema, wewe ni mwandishi, una masharti yako, sisi tunapiga maua kwa kujifurahisha tu. Haya. Tuanze na masharti yangu basi, muone yanafika wapi. Mwaka 2010 shindano la World Press Photo lilimvua ushindi mpiga picha wa Ukraine, Stepan Rudik. Picha yake ilikuwa ya mkono wa mpiganaji wa mtaani ukifungwa bandeji. Alikuwa ameikata sana picha ya mwanzo na kuigeuza iwe nyeusi na nyeupe, na kwa hayo hawakumshika. Walimshika kwa sababu nyuma ya mkono kulionekana kipande kidogo cha mguu wa mtu, akakifuta. Kipande tu cha mguu, hata hakihusiani na habari. Hata mimi zamani nilipoisoma niliona wamemwonea. Sasa naona walielewa kitu nilichochelewa kukielewa: anayefuta ndiye anayeamua kipi kinahusiana, na anaamua usiku, mbali na pale mahali, akiwa na haraka ya kusifiwa. Mimi pia niliamua kwamba mashimo hayahusiani.

Na huyu anayejifurahisha? Ndugu yangu, huku kwetu hujui lini picha yako itakuwa ushahidi. Angalieni juu pale, mlima Rungwe. Mwaka 2003 watafiti walimwona msituni humo nyani ambaye sayansi ilikuwa haimjui, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake siku zote: kipunji. Mwaka uliofuata watafiti wengine wakamwona msitu wa Ndundulu kule Udzungwa. Alipotangazwa rasmi mwaka 2005, hakukuwa na mzoga wala ngozi kwenye kabati la makumbusho, na hakuna aliyetaka kumuua mnyama adimu ili apate sampuli. Ilitumika PICHA. Picha ya kipunji aliye hai juu ya mti wake ndiyo iliyosimama mahali pa sampuli. Sasa chukulieni kwamba aliyeipiga ni mmoja wetu, halafu rafiki yake kamwambia majani mengi, toa hayo, weka nyeusi.

Mwaka uliofuata, 2006, kipunji alipopewa jenasi yake peke yake, waliiita Rungwecebus. Jina la mahali liliingia ndani ya jina la mnyama. Sisi wenyeji wa mahali hapo ndio tunaofuta mahali kwenye picha.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa, na msione nimevuka mipaka. Ukipita ofisi nyingi za mjini utakuta kalenda zenye okidi za Kitulo, Bustani ya Mungu. Ua moja kubwa, nyuma kijani kilichoyeyuka au buluu tupu. Ungeweza kuniambia limepigwa ndani ya nyumba ya vioo Uholanzi, ningekuamini. Hakuna ng'ombe wa lile shamba la mifugo la Kitulo, hakuna ukungu wala mwanamke wa Kikinga anayepita na kuni, viazi havionekani. Halafu tunashangaa kwa nini mtu wa Dar akiambiwa viazi vinapanda mlimani na mabonde ya maji yanalimwa, anasema "lakini kule si pazuri sana, nimeona picha". Kaona picha gani? Kaona nyeusi tupu! Tumemwonyesha maua yasiyo na ardhi, ndiyo maana hawezi kuona kwamba ardhi inaondoka.

Nimeandika "tumemwonyesha". Nami nimo. Ile picha yangu imo kwenye hiyo kalenda ya akilini mwake.

Kwa wale wenye moyo wa kupiga maua kweli, acha niseme jambo moja la ufundi, maana hasira peke yake haifundishi kitu. Kuna tofauti kubwa kati ya kutia ukungu nyuma kwa lenzi na kufuta nyuma kwa programu. Ukifungua lenzi mpaka 2.8, ukasogea karibu na ua, vitu vya nyuma vinalainika. Vinalainika, haviondoki. Ndoo inakuwa doa la njano, mashimo yanakuwa madoa meusi, na mtu mwenye macho bado atauliza yale madoa ni nini. Ukitaka yaonekane zaidi, funga mpaka 8 au 11. Uamuzi unaufanya palepale, umelala kwenye tope, ua na shimo vyote viko mbele yako. Na sisi wa Rungwe Mungu ametupa vya bure: mawingu yanayolainisha mwanga siku nzima, na ukungu wenyewe, ambao saa moja asubuhi unafuta kila kitu kilicho zaidi ya hatua kumi nyuma yako bila programu yoyote. Ukiona nyuma panakera, shuka chini zaidi, ua lipate anga au ukungu nyuma yake. Au zunguka. Au subiri. Ile ndoo ya njano, jamani, ningeweza kuinuka nikaisogeza! Au nikamwomba yule kijana aisogeze. Hata hilo lina mjadala wake, maana ndoo nayo ilikuwa na mwenyewe, na huenda mwenyewe ndiye mchimbaji, lakini walau lingekuwa limefanyika mchana, mbele ya mtu.

Katika wale watano hakuna hata mmoja aliyeniambia sogea hatua moja kushoto. Hakuna aliyeuliza ulisimama wapi, jua lilikuwa upande gani, kwa nini ua liko katikati kabisa kama picha ya pasipoti. Na zaidi ya yote, hakuna aliyeuliza "hivi hayo mashimo ni ya nini?" Wasomi watano, na mimi wa sita, mwandishi wa habari kabisa, nimelipwa kuuliza maswali. Aliyeuliza ni dereva wa bodaboda anayekula mahindi.

Ushauri mwingine unakurudisha shambani na mwingine unakurudisha kwenye kitufe. Huo wa kitufe ni rahisi kwa anayeutoa na rahisi kwa anayeupokea, ndiyo maana tunaupenda. Anayesema "toa hayo matope" hahitaji kujua kitu kuhusu ua, wala kuhusu matope. Na tunapeana kwa sababu tunaogopana. Ukimwambia mwenzio ua lako limetoka nje ya fokasi, atakununia wiki mbili. Ukimwambia toa nyuma, anaona umemsaidia. Tulipokuwa chuo tulikuwa tunachanachana insha za wenzetu mpaka watu wanalia kibarazani, na bado tunakula pamoja jioni. Kwenye picha tumekuwa waungwana wa nini?

Basi kwa upande wangu nimejiwekea utaratibu, na ninyi mnaonionyesha picha zenu mjiandae. Nitaomba kwanza ile ya mwanzo, haijaguswa. Nitauliza hapo ni wapi. Nitauliza nyuma kuna nini kabla sijasema kama panapendeza. Mkiniambia "kali", nitawauliza kali wapi. Ukiwa umefuta kitu, niambie umefuta, hata kama ni kadi ya harusi. Kadi ya harusi haina kosa lolote, ila hiyo siyo picha ya ua la Kikondo tena, ni pambo. Na faili la mwanzo usiliguse. Nimenunua diski ya pili kwa mkopo wa shemeji kwa ajili ya hilo tu.

Yule rafiki yangu wa mabango nimeshamweleza haya yote uso kwa uso, tukinywa chai. Alinisikiliza, akasema kwamba mimi ndiye niliyemwomba maoni na mimi ndiye niliyeshika simu. Ni kweli. Akasema pia kwamba mteja wake hawezi kulipia bango lenye ndoo ya njano. Hilo nalo ni kweli, sikuwa na jibu, nikalipia chai.

Mwanzoni mwa Machi nilirudi Kikondo na kijana yuleyule, koti lilelile. Ile okidi haikuwepo. Palipokuwa na ua sasa pana shimo kama mengine, na yale ya zamani yameanza kuota magugu. Tulizunguka karibu saa mbili ndipo tukapata nyingine, ndogo, rangi imepauka, kando ya mtaro, na nyuma yake yale mashimo yanaonekana kwa mbali pamoja na mteremko wote wa viazi mpaka ukungu unapoanzia. Nikafunga lenzi mpaka 11. Nikapiga kumi na mbili tu, nikamwonyesha palepale kwenye kioo cha kamera.

Akaikuza, akaitazama kwa muda.

"Hii ndiyo. Ila ua limeinama."

Nikatazama. Kweli limeinama. Nilikuwa nimechuchumaa upande wa mteremko, na kamera nayo ikainama na mimi. Nikarudi kwenye tope nikapiga tena.